Kuzima "Mahali" Hakutoshi: Nani Hasa Anajua Simu Yako Iko Wapi?

Novemba 2020, jarida la mtandaoni la Motherboard la Marekani liliandika habari iliyowagusa Waislamu wengi. Muslim Pro, programu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 kwa ajili ya nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikana kuliuzia jeshi hilo data za watu, lakini wakatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode papo hapo.

Mtu akisoma habari ya namna hii, cha kwanza anachofanya ni kufungua Mipangilio, kuzima Mahali, kisha kushusha pumzi. Kesho yake anahitaji bodaboda, anaiwasha tena, na tangu hapo haizimwi. Hata kama angeizima mwaka mzima, swichi ile hufunga mlango mmoja tu. Wanaoweza kujua ulipo ni wengi: simu yenyewe, programu zilizomo, akaunti uliyoingia nayo, kampuni ya laini yako, na pengine mtu unayeishi naye. Kila mmoja ana njia yake, na njia moja kati ya hizo haina swichi kabisa.

Simu inajuaje ilipo

Vijiweni husemwa kwamba setilaiti inakuona. Haikuoni. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kazi yake inafanana na ya kituo cha redio: kila moja inatangaza ni ipi, iko wapi na saa ni ngapi. Simu husikiliza setilaiti nne au zaidi, hupima kila ishara imechukua muda gani kufika, kisha hupiga hesabu yenyewe. Warusi wana mfumo wao wa GLONASS, Ulaya ina Galileo, China ina BeiDou, na simu nyingi za siku hizi husikiliza yote. Huko juu simu haitumi chochote. Setilaiti haina habari kama uko Tandale au Tandahimba.

Kwa hiyo GPS peke yake haina siri ya kuvujisha. Hatari huanza pale jibu la ile hesabu linapoondoka kwenye simu.

Ndani ya majengo GPS hudhoofika. Ukiwa chini ya ghorofa la Kariakoo, simu hugeukia njia ya pili, yaani Wi-Fi. Kila ruta hutangaza namba yake ya kipekee, na Google na Apple wana hazina kubwa za namba hizo pamoja na mahali kila moja ilipo. Huhitaji nywila ya ruta hiyo wala kuunganishwa nayo. Inatosha simu yako kuisikia ikitaja namba yake. Ndiyo maana kwenye Android, ukifungua sehemu ya Mahali na kuingia kwenye huduma zake, utakuta swichi mbili za kutafuta Wi-Fi na Bluetooth. Zikiwa zimewashwa, simu huendelea kutafuta ruta na vifaa vya jirani hata kama wewe umezima Wi-Fi na Bluetooth kwenye ile menyu ya juu ya skrini. Wengi hawajawahi kuziona. Na kama una ruta nyumbani na hutaki iwemo kwenye hazina hizo, ongeza herufi _nomap mwishoni mwa jina la Wi-Fi yako. Google na Apple wote huliheshimu ombi hilo.

Kuna pia anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, ambayo kila tovuti unayoifungua huiona. Hiyo hukisia mji tu, na ukitumia bando la simu inaweza kusema uko Dar es Salaam ilhali umeketi Mwanza.

Hali ya ndegeni nayo hueleweka vibaya. Huifunga simu mdomo, si masikio. Kwenye simu nyingi GPS huendelea kupokea ishara, na programu yenye ruhusa inaweza kuandika safari yako yote kisha kuituma mtandao ukirudi.

Mnara hauna swichi

Ili ukipigiwa simu ikupate, mtandao lazima ujue uko chini ya mnara gani. Kwenye mitambo ya GSM (2G), mnara hupima pia umbali wako kutokana na muda ambao ishara inachukua kufika, kwa hatua za mita 550 hivi, hadi kilomita 35. Mjini minara imebanana, kwa hiyo makadirio hushuka hadi ngazi ya mtaa. Kijijini yanaweza kupishana kwa kilomita kadhaa. Maadamu simu inashika mtandao, hakuna mpangilio wowote ndani yake unaoligusa jambo hili, na kitochi cha vitufe kinahusika sawa na simu ya shilingi milioni mbili. Na kwa kuwa Tanzania iliweka 20 Januari 2020 kuwa mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole, namba iliyo chini ya mnara huo ina jina kamili nyuma yake.

Kumbukumbu hizi zina uwezo mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia rekodi za simu za wateja karibu milioni 15 nchini Kenya, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, kuchora ramani ya jinsi watu wanavyosafiri na vimelea vya malaria. Ukanda wa Ziwa Victoria ulijitokeza kama chanzo kikubwa, na Nairobi kama mahali ambapo vimelea hivyo hupelekwa na wasafiri. Wakati huo Wakenya wengi walikuwa na simu za vitufe. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha "ruhusu". Mnara ulitosha.

Ulikuwa utafiti wenye manufaa, na data zake ziliondolewa majina. Lakini kuondoa jina ni kinga nyembamba. Mwaka uliofuata, Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichambua rekodi za miezi 15 za watu milioni 1.5 na kukuta kwamba pointi nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Fikiria mwenyewe: ni nani mwingine anayelala nyumba yako, anayefika ofisini kwako saa mbili asubuhi, anayeswali Ijumaa msikiti wako na kwenda shamba lako Jumamosi? Jina halihitajiki. Ratiba yako inakutaja.

Kuhusu mnara sina ujanja wa kukupa. Kama kuna safari ambayo hata kampuni ya simu haipaswi kuijua, simu ibaki nyumbani. Kwa mambo ya kila siku naona ni bei inayolipika, maana rekodi hizohizo ndizo husaidia kumsaka mtu aliyetekwa au simu iliyoibwa. Nguvu zako zitumie penye swichi.

Ruhusa ina maswali mawili

Programu inapoomba mahali ulipo, watu hujibu swali moja tu, kwamba nikubali au nikatae. Simu za leo huuliza mawili: lini, na kwa usahihi gani.

La lini limekuwepo kwa muda. Android 10 ya mwaka 2019 ilileta chaguo la kuruhusu pale tu unapoitumia programu. Mwaka huohuo iPhone ikapata ruhusa ya mara moja, na Android ikafuata mwaka 2020. La usahihi ni jipya zaidi: iPhone mwaka 2020, Android mwaka 2021. Ukizima mahali kamili na kubakiza mahali pa kukadiria, Android huipa programu eneo la kilomita za mraba 3 hivi badala ya mlango wako. Hili la pili ndilo linalosahaulika, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa zaidi, kwa sababu programu nyingi hazipotezi chochote zikinyimwa usahihi.

Chukua hiyohiyo programu ya swala. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kila dakika nne. Huku kwetu karibu na ikweta, uzi mmoja wa longitudo ni kilomita 111 hivi. Maana yake, ukisogea kilomita moja kuelekea mashariki au magharibi, wakati wa Magharibi hubadilika kwa sekunde mbili. Kibla ndiyo haina hata haja ya hesabu ndefu: Makka iko karibu kwenye mstari uleule wa longitudo na pwani yetu, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Dar es Salaam. Ukiwa Mombasa, Unguja au Dar, kibla ni kaskazini, kwa tofauti isiyozidi nyuzi mbili. Kusogea mtaa wa pili hakuibadilishi. Hakuna sababu yoyote ya ibada inayoilazimu programu ya swala kujua uko nyumba namba ngapi. Mpe jina la mji, inatosha.

Ukizipitia programu nyingine kwa jicho hilo, mambo hujipanga haraka. Usafiri kama Bolt na Uber unahitaji mahali kamili, la sivyo dereva atakuzungukia mtaa mzima akipiga simu "uko wapi bosi?", lakini unahitaji hilo wakati unaitumia tu. Ramani ni vilevile. Hali ya hewa inahitaji makadirio. Tochi, kikokotoo, kibodi, gemu la karata, kihariri picha: hapana, na kama tochi inasisitiza, itafute nyingine. Ruhusa ya wakati wote sioni programu nyingi zinazostahili kuipata, labda ile ambayo familia imekubaliana kuitumia kwa usalama. Kwenye Android, fungua Mipangilio, ingia Mahali, kisha ruhusa za programu. Orodha imepangwa kwa makundi, na kundi la wakati wote ndilo la kuanza nalo.

Kwa nini tochi ihitaji kujua uko wapi? Hapa ndipo ilipo biashara yenyewe. Mtengeneza programu ya bure hupachika ndani yake vipande vya msimbo vya kampuni nyingine, vingine vya matangazo, vingine vya takwimu. Ruhusa uliyompa yeye, vipande hivyo huitumia pia. Kila mara hutuma mstari mfupi: latitudo, longitudo, saa, na kitambulisho cha matangazo, yaani namba inayoitofautisha simu yako na nyingine. Mistari hiyo hukusanywa na madalali wa data, wakaichanganya na ya programu nyingine mamia, wakaiuza kwa mwenye duka, benki, mwanasiasa au mkandarasi. Desemba 2019 gazeti la New York Times lilionyesha faili moja tu la dalali mmoja: pointi bilioni 50 za simu za Wamarekani zaidi ya milioni 12. Kwa mnyororo huo, mwenye programu anaweza kukana kwamba ameliuzia jeshi data, na jeshi likawa nazo. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliizuia X-Mode na mrithi wake Outlogic kuuza taarifa za maeneo nyeti, zikiwemo nyumba za ibada.

Kinachounganisha mistari yote hiyo ni kile kitambulisho cha matangazo. Android hukuruhusu kukifuta: tafuta sehemu ya matangazo ndani ya mipangilio ya Google au ya faragha. Kwenye iPhone, tangu Aprili 2021 kila programu lazima ikuombe kwanza kabla ya kukufuatilia kwenye programu za wengine, na unaweza kuziambia zote hapana kwa swichi moja. Kati ya kazi zote zilizomo kwenye makala hii, hii ndiyo ya dakika moja.

Akaunti nayo ina daftari lake

Agosti 2018 shirika la habari la AP lilibaini kwamba mtu aliyezima historia ya maeneo kwenye akaunti ya Google bado alikuwa akiandikwa mahali alipo, kwa sababu mpangilio mwingine, ule wa shughuli za wavuti na programu, uliendelea kuhifadhi eneo kila alipotafuta kitu au kufungua ramani. Swichi mbili, majina mawili, na ile uliyoizima haikuwa pekee. Novemba 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza shauri hilo.

Kwa hiyo kuzima ruhusa za programu hakufuti kilichokwisha andikwa kwenye akaunti. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya data na faragha, uangalie vyote viwili. Unaweza kuamuru vifutwe vyenyewe baada ya miezi 3, 18 au 36. Desemba 2023 Google ilitangaza kuihamishia historia ya safari ndani ya simu badala ya seva zake, hatua nzuri, ingawa inamaanisha kwamba anayeishika simu yako ikiwa wazi anaisoma. iPhone nayo huweka orodha ya maeneo unayoyatembelea sana, lakini imefungwa kwa namna ambayo Apple yenyewe haiwezi kuisoma. Hiyo hainikoseshi usingizi.

Picha ni daftari jingine. Kamera yenye ruhusa ya mahali huandika latitudo na longitudo ndani ya faili. Desemba 2012, John McAfee, aliyeanzisha kampuni ya kuzuia virusi iliyobeba jina lake, alikuwa akiwakwepa polisi wa Belize. Jarida la Vice likachapisha picha yake likijisifu kuwa liko naye, bila kufuta taarifa za ndani ya picha hiyo, na kila aliyeifungua akaona kwamba wako Guatemala. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama faili ili ubora usipungue, zinakwenda zote. Anayepiga picha za bidhaa nyumbani kwake na kuziweka mtandaoni heri ainyime kamera ruhusa hiyo.

Aliye ndani ya nyumba

Haya yote ni ya makampuni. Ila kwa watu wengi, hasa wanawake walio katika ndoa au uhusiano wenye vitisho, anayewafuatilia hana seva wala wakandarasi. Anajua nywila tu.

Njia zake ni za kawaida mno. Alikufungulia akaunti siku ile simu iliponunuliwa, na nywila anayo. Aliishika simu yako dakika mbili akawasha kushiriki mahali kwenye Google Maps, ambako kuna chaguo la kuendelea hadi mwenyewe uzime. Au ile huduma ya kutafuta simu iliyopotea, ambayo kila mtu anashauriwa kuiwasha, na ni ushauri sahihi, humfanyia kazi yeyote mwenye nywila yako. WhatsApp ni nafuu kidogo, kwa kuwa mahali mubashara hudumu dakika 15, saa moja au saa 8, kisha hukoma. Unaweza kuona unaowashirikisha kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp.

Angalia vitu vitatu: orodha ya kushiriki mahali ndani ya Google Maps, orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako, na programu zenye ruhusa ya wakati wote ambazo huzikumbuki. Badilisha nywila kutoka kwenye simu nyingine unayoiamini. Lakini hapa nataka kuwa mwangalifu: kama aliye upande wa pili ni mkali, kumkatia ghafla kunamwambia kwamba umegundua. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini au dawati la jinsia la polisi, upange utaishi wapi, ndipo uzime.

Vile vifaa vidogo vya kufuatilia funguo na mabegi, kama AirTag, navyo huweza kufichwa kwenye gari au mkoba. Tangu Mei 2024 iPhone na Android hutoa tahadhari kifaa kisicho chako kinapoandamana nawe, mradi Bluetooth imewashwa. Usiipuuze tahadhari hiyo ukidhani ni tangazo.

Programu za mikopo

Afrika Mashariki, programu zenye tamaa kubwa ya ruhusa zimekuwa za mikopo ya haraka. Ziliomba majina yote ya simu, ujumbe, picha na mahali, na mkopaji akichelewa, shemeji na bosi walianza kupigiwa. Tangu 31 Mei 2023 Google Play huzikataza programu za mikopo binafsi kugusa majina ya simu, picha na mahali kamili. Sheria hiyo huzibana zile za dukani tu. Unayotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp uipakue kama faili haijapita huko, na ikiuliza ruhusa hizo jibu unalo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Ikiwa yamekwisha kukufika, sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Mahali ulipo ni taarifa binafsi, na una haki ya kuuliza kampuni ina nini kukuhusu, kwa kazi gani, na kutaka kirekebishwe au kifutwe. Andika kwanza kwa kampuni, weka nakala, ndipo uende kwenye Tume au kwa Kamishna. Na kabla ya kuiondoa programu hiyo kwenye simu, piga picha ya skrini ya ukurasa wa ruhusa zake na ujumbe wote uliotumiwa, kwa sababu ukishaiondoa, ukurasa ule hutauona tena.